Mgeni Rasmi wa Mawio ya Jua

Kabla sijaanza, ieleweke kwamba nchi yetu haina tatizo lolote. Mtu akikwambia inalo, mlete kibandani kwangu nimnyoe bure, huku nikimsikiliza vizuri. Mimi naitwa Chande, kinyozi wa Mtaa wa Bandua. Napenda watu na napenda maneno yao, na nyumba ambayo asubuhi hamna foleni ya bafu mimi siiiti nyumba, naiita ghala.

Sasa basi. Nchi yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa ukale. Wenzetu wana makaburi ya wafalme, wana miji iliyozama, wana mafuvu ya watu wa mwanzo kabisa. Sisi tulikuwa na ngome moja ya mawe, tukaibomoa tupate mawe ya kujengea Wizara ya Mambo ya Kale. Jengo zuri, lina lifti. Ikawa wizara tunayo, ya kale hatuna. Waziri akaenda ng'ambo kujifunza, akakaa huko mpaka tukamsahau sura, akarudi na tamko: ukale hautokani na miaka, unatokana na utashi wa kisiasa. Kitu chochote kilichosimama bila kufanya kazi kinaweza kuwa cha kale, mradi kizinduliwe na mgeni rasmi.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nani asingependa kuwa na historia?

Ikafuata kampeni ya utalii wa ndani. Kila mtaa ungepanda Mlima Kitunguu kwa zamu, uone jua likichomoza, kisha uzungushwe kwenye maeneo ya kale hadi jioni. Kwenda ni hiari, na asiyekwenda atafuatwa. Kufurahi ni lazima.

Zamu ya Bandua ilipofika, gari la matangazo lilipita likisoma ratiba. Mimi na mama mwenye nyumba wangu, Bi Siwatu, tulikuwa barazani, yeye anachambua mchele, mimi namhesabia makosa ya majirani. Spika ikasema: "Na mwisho kabisa, wapendwa watalii, mtajionea Gofu la Shomvi, hapa hapa Bandua, jengo la kale ambalo wataalamu hawajui lilijengwa na nani!"

Bi Siwatu akaacha ungo. "Shomvi yupi?"

"Labda mwingine," nikasema.

"Bandua nzima kuna Shomvi mwingine? Nyumba hii kaijenga mume wangu kwa mikono yake, mimi ndiye niliyemkandia udongo. Wewe Chande unalala chumba cha mbele. Wewe ni wa kale?"

Nikajitazama. Kwa jinsi nilivyovaa siku ile, sikuweza kukataa moja kwa moja.

Mzee Shomvi mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, kitandani. Alikuwa mwashi, kisha kiharusi kikamchukua upande mzima, kikamwachia mdomo. Na mdomo aliachiwa kamili. Sauti yake ilikuwa ile ya fundi anayeomba tofali akiwa juu ya jukwaa. Akitaka maji ya kunywa, mtaa wa pili walikuwa wanainuka kumletea. Kumwinua tu ili kubadili shuka lake ilikuwa shughuli ya wapangaji wote, na hata hivyo alilia kwa maumivu. Kumhamisha lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja.

Tukaenda kwa ofisa wa mtaa. Akampa Bi Siwatu mkono kwa furaha.

"Hongera sana, mama. Nyumba ikishakuwa gofu hailipiwi kodi ya jengo."

"Na watu waliomo?"

"Gofu halina watu, mama. Likiwa na watu si gofu, ni uchochezi."

"Mume wangu nimpeleke wapi, baba? Hainuki."

"Mtajengewa makazi mapya."

"Lini?"

Ofisa akapunguza sauti, maana alikuwa mtu mwema. "Mama yangu, nisikufiche. Yale nayo yakijengwa yatazinduliwa moja kwa moja kuwa magofu. Imeonekana ni haraka zaidi."

"Nani anaweza kuifuta nyumba yangu kwenye hiyo ratiba yenu?"

"Mgeni rasmi peke yake. Na mgeni rasmi haonekani ofisini, anaonekana mlimani. Uwahi."

* * *

Mlima Kitunguu si mrefu, ila umejaa mawe yanayokwenda na mguu wako. Tuliuanza alfajiri, watalii wa Bandua mstari mmoja, mbele yetu kiongozi wa watalii, Dada Fausta, na kipaza sauti chake cha mkononi. Alikuwa binti mwenye sauti tamu, na maneno yote alikuwa ameyakariri, pamoja na vicheko.

"Watalii, mnajisikiaje?"

"Tumefurahi!" tukaitikia.

"Sijasikia!"

"Tumefurahi sana!"

Bi Siwatu alikuwa amevaa raba za mumewe, kajifunga khanga mbili, magoti yote mawili kayapaka mafuta ya karafuu. Hatukufika mbali magoti yakagoma. Nikajaribu kumsukuma kwa nyuma, akanipiga mkono.

"Acha, tutavingirika wote wawili. Tangulia, mwanangu. Ukimwona huyo mgeni rasmi mshike hata shati, mwambie asiondoke, kuna mtu mzima anakuja."

Nikatangulia. Kule kileleni palikuwa na turubai, bendi, wapiga picha, na kochi moja limefunikwa kitambaa cheupe, tupu. Mbele ya kochi alisimama Bwana Nyangalio, Afisa Itifaki, ndani ya suti iliyokuwa inapigana na upepo. Ndiyo kwanza ameteuliwa, na ulimwona kabisa kwamba usingizi hana.

"Wote tazameni magharibi!" akaamuru. "Jua ni mradi wa serikali. Hakuna kutazama mradi kabla haujazinduliwa."

Tukageuka, tukalipa jua mgongo. Tukasubiri. Mawe ya mbele yetu yakaanza kuwa mekundu, kisha ya dhahabu, kisha ya kawaida. Shingo zikapata joto. Jirani yangu mmoja, muuza mkaa, akasema, "Jamani, naona kivuli changu."

"Hizo ni tetesi," akasema Bwana Nyangalio.

Tukaendelea kusubiri. Mgeni rasmi hakuja. Jasho likatushuka mgongoni gizani, maana kiserikali ilikuwa bado giza, na wawili waliojaribu kwenda chini kunywa chai waliambiwa warudi, hakuna chai usiku.

* * *

Nisimlaumu Bwana Nyangalio kwa yaliyofuata. Chuoni kwao walifundishwa kwamba mgeni rasmi hatambuliwi kwa sura, kwa kuwa sura hubadilika kila baraza likivunjwa. Hutambuliwa kwa mambo mawili: anafika baada ya watu wote, na haombi radhi.

Bi Siwatu alitokeza juu ya jiwe la mwisho kwa magoti na viganja. Khanga moja ilikuwa imebaki njiani. Hakuweza kutoa hata salamu. Pumzi zilikuwa zinamtoka kama pampu ya baiskeli. Akatupita sote, akaliona kochi, akajitupa.

"Hajaomba radhi," akanong'ona Bwana Nyangalio, machozi ya kazi yakimlengalenga. "Ndiye."

Bendi ikalipuka. Taji la maua likamwingia Bi Siwatu shingoni, wapiga picha wakachanganyikiwa. Sisi tukaamriwa tusimame kwa heshima, nasi tulikuwa tumesimama tangu alfajiri, kwa hiyo ikabidi tuchuchumae kidogo ili tupate pa kuinukia.

Nikamfuata afisa. "Mkuu, huyo ni mama mwenye nyumba wangu."

"Unajuana na mgeni rasmi? Hongera, kinyozi. Rudi kwenye mstari."

Pumzi zilipomrudia, Bi Siwatu akamshika afisa mkono. "Baba, namtafuta mgeni rasmi."

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Mimi ni Siwatu, mke wa Shomvi wa Bandua. Nimekuja kuomba nyumba yangu itolewe kwenye magofu. Humo ndani mna mgonjwa."

Bwana Nyangalio akabadilika rangi. Akaenda pembeni na simu, akasikiliza sana, akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo Mheshimiwa, akarudi anatabasamu. Waziri mwenyewe, ndiye mgeni rasmi tuliyekuwa tukimsubiri, alikuwa bado kitandani, na alifurahi mno kusikia kwamba amekwisha kufika.

"Mama," afisa akasema kwa upole, "taji limevaliwa, bendi imepiga, picha zimetoka. Itifaki haina rivasi. Leo yote wewe ndiye mgeni rasmi. Ombi lako litapelekwa panapohusika."

"Wapi?"

"Kwa mgeni rasmi."

Bi Siwatu akafikiri. "Si ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Basi nimelikubali."

Sisi kule kwenye mstari tukapiga vigelegele, bado tumetazama magharibi.

"Pole, Mheshimiwa. Mgeni rasmi hakubali wala hakatai. Mgeni rasmi anasoma." Akampa hotuba ndani ya jalada la ngozi.

Tukageuzwa mashariki. Jua lilikuwa limeshapanda hadi usawa wa paji la uso, jeupe, halina hata aibu. Bi Siwatu akasoma: "Itifaki imezingatiwa. Natamka rasmi kwamba jua limechomoza."

"Makofi kwa jua!" akalia Dada Fausta.

Wakambeba kwenye kochi kumteremsha. Nilipopata nafasi ya kumsogelea, akaninong'oneza huku amenikaza kidole kwenye bega: "Chande, nyumba yangu ndiyo ya mwisho. Nina mchana mzima wa kutafuta la kusema. Nisaidie kufikiri."

Mimi kufikiri sikusomea. Lakini nilijitahidi.

* * *

Kituo cha kwanza kilikuwa Barabara ya Kale. Ni kipande kizuri cha lami kinachoanzia kichakani na kuishia kichakani.

"Mpaka leo," akasema Dada Fausta, "wataalamu hawajui watu wa kale walikuwa wakitoka wapi na kwenda wapi kwa barabara hii."

"Walikuwa wanatoka kwenye kampeni," akasema muuza mkaa. Akahamishiwa nyuma ya mstari.

Bi Siwatu akakata utepe. Kituo cha pili kilikuwa Bomba la Kale, ambalo wasomi bado wanabishana lilikusudiwa kupitisha nini. Mmoja anasema sauti. Mwingine ameandika kitabu kizima kwamba ni pambo. Bi Siwatu akakata utepe, akashika koki, akaizungusha kwa mazoea ya mikono ya mtu wa ndoo, ikatoa mjusi. Picha ikapigwa.

Cha tatu kilikuwa Zahanati ya Kale. Hii mnaijua wote, ile ya rangi ya maji ya bahari, na kitasa chake kipya. Ndani walikuwa wamepanga rafu tupu, mizani, na nesi mmoja wa kweli aliyekatazwa kutikisika.

"Huyu ni sehemu ya masalia," akaeleza Dada Fausta. "Ona walivyokuwa wakivaa."

Bi Siwatu akamsogelea. "Sista, si wewe uliyenipa vidonge vya mzee mwezi uliopita?"

Macho ya nesi tu yalisogea, yakajaa maji, yakarudi mahali pake.

Hapo Bi Siwatu akafunga jalada. Akasimama kwenye maikrofoni, akasema: "Ndugu zangu, zahanati hii ilifunguliwa mwaka ule ule mume wangu alioanguka. Nilimleta hapa kwa mkokoteni, nikaambiwa—" Basi. Maikrofoni ikafa. Akarudi kwenye karatasi, akasoma "kwa heshima na taadhima," maikrofoni ikafufuka. Akajaribu tena la kwake, ikafa tena. Fundi mitambo alikuwa mtu makini sana.

Njiani, garini, nikamwambia, "Mama, ukifika nyumbani usikate. Wakupe mkasi, wewe uangushe."

"Wana mikasi mitatu, nimeiona."

"Uzimie."

"Nikizimia wataniegemeza kwenye utepe." Akatazama nje. Tulikuwa tumeshaingia Bandua. "Sijala tangu jana, sijamgeuza Shomvi tangu alfajiri. Atakuwa ameumia upande. Chande, wanaweza kweli kusema hayumo?"

Nikamwambia hawawezi. Niliamini hivyo, mimi naipenda serikali yangu.

* * *

Nyumba sikuitambua. Asubuhi tumeiacha na chokaa yake, jioni tunaikuta imepakwa masizi, kona moja ya paa imenyofolewa kwa ustadi, na magugu yamepandwa barazani yakamwagiliwa. Kibanda changu cha kunyolea kilikuwa kimebandikwa kibao: *Mahali pa Kafara*. Wapangaji wenzangu wakapangwa upande wa pili wa njia, kila mmoja na kijibendera, wamenuna. Mlangoni utepe mwekundu.

Bwana Nyangalio akapanda kijukwaa. "Kwa mujibu wa sheria, kama mwenyeji wa jengo hili ana pingamizi, ajitokeze sasa."

"Mimi hapa!" akasema Bi Siwatu. "Mwenyeji ni mimi! Nina pingamizi!"

Afisa akamtazama kwa huzuni ya kweli. "Mheshimiwa, wewe ni mgeni."

"Mgeni wa nani? Nimezaa humo ndani! Nimezika watoto wawili, wote wametokea mlango huo!"

"Tangu asubuhi wewe ni mgeni, na mgeni rasmi kabisa, mbele ya vyombo vya habari. Mtu hawezi kuwa mgeni na mwenyeji wa nyumba moja kwa siku moja. Itakuwa fujo."

Bi Siwatu akalishika taji la maua, akalikata shingoni, akalitupa chini. Wakamvisha la akiba.

"Narudia," akasema Bwana Nyangalio. "Mwenyeji yupo?"

Tukafungua midomo. Askari wakatutazama. Tukaifunga, ila si yote; wa chumba cha pili alisema "yupo" kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Na hapo ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, ile ya juu ya jukwaa, ya kuomba tofali:

"Mwenyeji nipo! Mimi Shomvi! Nipo ndani, nyie mbwa! Siwatu, waambie nipo!"

Kamera zote zikageukia mlangoni. Bwana Nyangalio akatazama nyumba, akatazama kamera, akatazama nyumba. Nilimwona kabisa akiwa binadamu, kitambo kidogo. Kisha akashika maikrofoni.

"Mmesikia, wapendwa watalii? Gofu hili lina mwangwi!"

Makofi yakaanzia nyuma, yakasambaa. "Furahini!" akasema Dada Fausta, lakini sauti yake ilikatika katikati ya neno.

Bi Siwatu akalitupa jalada la hotuba. Hakugusa mkasi. Aliweka mikono pembeni, akauendea mlango wake kwa kifua kama anapita kwenye kamba ya nguo, utepe ukavutika, ukavutika, ukakatika.

"Mgeni rasmi amekata utepe!" akapiga kelele Bwana Nyangalio. Bendi ikalia, na nyumba ikawa gofu.

Kutoka ndani tukasikia: "Nimekuja, baba watoto. Umeumia upande gani?" Na watalii wakapiga makofi tena, wakisema kumbe hata mwangwi wa kike upo.

Sisi wapangaji tukatazamana. Mmoja akatupa kijibendera, akavuka njia, akaingia. Akafuata mwingine. Mimi nikaingia na spika yangu ya muziki ya kibandani. Kufika magharibi nyumba ilikuwa imejaa kuliko siku zote, na nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe.

* * *

Askari walikuja kututoa. Bwana Nyangalio akawazuia mwenyewe barazani, jasho linamtoka. "Mnamtoa nani? Mkitoa watu humo, ina maana Waziri alizindua watu." Askari wakaona kweli, wakaondoka.

Hivyo tukabaki. Lakini tulibaki kama mwangwi. Mwanzoni watalii wakija, wakiita "Hodi!" Bi Siwatu alikuwa anajibu "Karibu!" kama mtu yeyote aliyelelewa. Bwana Nyangalio akaja mlango wa uani kutusihi. "Mama, mwangwi gani huo unaojibu karibu? Mnaniponza. Mwangwi unarudisha ulichoambiwa. Wakigundua hakuna mwangwi, watalifuta gofu, na gofu likifutwa linapigwa katapila. Nawaombeni."

Basi ikawa hodi kwa hodi. Mama wa watu, ndani ya nyumba aliyoikandia udongo, akawa anapiga hodi kutwa nzima, na hakuna wa kumkaribisha.

Mzee Shomvi alikataa. Mtalii akiita "Hoo!" yeye alijibu matusi, na watalii walimpenda kuliko sisi sote. Wakaanza kuja kwa mabasi, na Wizara ikapata tuzo. Lakini upande aliolalia siku ile ya mlima ulikuwa umechubuka, kidonda kikachimba, homa ikaingia. Nilikwenda wizarani mwenyewe kuomba apelekwe hospitali ya mkoa. Wakanipokea vizuri, wakanipa na soda. Wakasema masalia hayaondolewi kwenye eneo la kale bila kibali cha mgeni rasmi. Nikawaambia mgeni rasmi ndiye mkewe, na amekubali. Wakasema mgeni rasmi hakubali wala hakatai.

Alifariki asubuhi moja ya mvua nyepesi, katikati ya tusi. Bi Siwatu alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akavuta pumzi ya kulia. Papo hapo tukasikia mlango wa uani.

Alikuwa Bwana Nyangalio, amelowa, viatu mkononi. Alivua kofia. "Poleni sana. Poleni jamani. Nimesikia kimya nikajua." Akatazama chini. "Kuna basi liko njiani. Nisikilizeni, si mimi ninayesema. Mwangwi hauanzi. Mwangwi hujibu tu."

"Hata kulia?" akauliza Bi Siwatu.

"Hata kulia, mama. Asilie mtu humu mpaka nje alie mtu."

Bi Siwatu akaichukua ncha ya khanga, akaisokota, akaiingiza yote mdomoni. Akakaa hivyo kando ya kitanda, mabega yanapanda na kushuka, macho yamemtoka. Wapangaji wakakaa sakafuni, kila mtu ameuma kitu. Nyumba imejaa watu mpaka mlangoni, hakuna anayetoa hata sauti ya kupenga kamasi. Mimi nimekaa kwenye misiba mingi, na misiba huwa naipenda kwa sababu ya watu wake. Ule sikuuweza.

Nikasikia basi likisimama. Nikasikia Dada Fausta akisema watalii furahini. Nikatoka uani, nikaruka ukuta, nikazunguka, nikajipenyeza katikati ya watalii kama mmoja wao. Dada Fausta akaniona. Akaona uso wangu, akakishusha kipaza sauti chake taratibu.

"Mnaweza kuita chochote," akasema bila kipaza sauti. "Litajibu."

Bwana mmoja mwenye kofia pana akaita, "Hodi!"

Kisha kutoka mbali ndani, kupitia khanga: "Hodi."

"Mbona leo mwangwi ni mdogo?" akalalamika.

Nikapita mbele yake. Nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikapiga magoti kwenye yale magugu ya serikali, nikapaza sauti yote niliyopewa:

"Shomvi! Mzee wetu! Umetuachia nani, Shomvi wee!"

Ilipita kama pumzi moja. Halafu nyumba ikajibu. Ilianza sauti ya Bi Siwatu peke yake, ndefu, inapanda tu haishuki. Kisha wapangaji wote wakaipokea, vyumba vyote, ukumbi, uani, jikoni, mpaka mabati yakaanza kutetemeka na masizi yakamwagika ukutani.

Watalii walipiga makofi mno. Yule bwana wa kofia akanigusa bega, akaniomba nirudie, kwa sababu simu yake ilikuwa haijaanza kurekodi.

Nikarudia. Nilirudia mpaka koo likakauka, na kila walipofikiri nimemaliza nikaanza tena, maana ndani bado walikuwa wanalia.